Kupita Si Kutua: Kiswahili na Safari za Sayari

Aghalabu, msikilizaji wa taarifa ya habari kwa Kiswahili huambiwa kwamba chombo cha anga "kimefika" katika sayari fulani. Kauli huishia hapo. Haielezwi iwapo chombo hicho kimepita tu, kinaizunguka sayari, kimetua juu yake au kimechota udongo na kuanza safari ya kurudi. Hoja ya makala haya ni kwamba kila mojawapo ya njia hizi huzaa maarifa ya aina yake, na mwandishi anayezichanganya humpotosha msomaji.

Baharia aliyeipita Lamu tanga likiwa juu hawezi kudai kwamba anaijua sawa na mwenzake aliyetia nanga, akashuka na kutembea vichochoroni. Ndivyo ilivyokuwa kwa sayari ya Mirihi. Mnamo Julai 1965, chombo cha Marekani, Mariner 4, kiliipita sayari hiyo na kupiga picha 22 pekee. Picha hizo zilionyesha takriban asilimia 1 ya uso wake, nao ulijaa mashimo mfano wa Mwezi. Wengi wakahitimisha kwamba Mirihi ni sayari mfu. Mnamo Novemba 1971, Mariner 9 kilianza kuizunguka. Kilikuta tufani ya vumbi imeigubika sayari nzima. Lakini kwa kuwa kilikuwa kikizunguka, kiliweza kusubiri. Vumbi lilipotulia, ilionekana volkano yenye kimo cha zaidi ya kilomita 20, bonde lenye urefu unaozidi kilomita 4,000, na mikondo mikavu iliyoashiria kwamba maji yaliwahi kutiririka huko. Sayari ilikuwa ile ile. Namna ya kuichunguza ndiyo iliyobadilika.

Hata hivyo, kupita kusidharauliwe. Hadi leo, Uranus na Neptune zimetembelewa na chombo kimoja tu, Voyager 2, kilichozipita mwaka 1986 na 1989. Kubaki huko kungehitaji fueli nyingi ya kupunguza mwendo. Kutua nako kuna gharama yake. Venera 13, chombo cha Umoja wa Kisovieti, kilitua Zuhura mwaka 1982 na kudumu kwa dakika 127 katika joto linalozidi nyuzi 450 za selsiasi. Chombo cha magurudumu, Opportunity, kilitambaa juu ya Mirihi kati ya 2004 na 2018. Kilienda takriban kilomita 45 tu, lakini kilichunguza miamba yake kwa karibu. Kuleta sampuli duniani ni kazi ngumu zaidi. Mwaka 2020, Hayabusa2 cha Japani kilileta takriban gramu 5 kutoka asteroidi Ryugu, na katika kiasi hicho kidogo wataalamu wa maabara wakagundua asidi amino.

Je, Kiswahili kimepungukiwa na msamiati wa kueleza haya? Hasha. Vitenzi kupita, kuzunguka, kutua, kutambaa na kuchota vinafahamika hata kwa mtoto wa shule ya msingi. Uundaji wa nomino ndio unaohitaji hadhari: neno kirejeshi, mathalani, lingefaa chombo kiletacho sampuli, ila limekwisha kutwaliwa na wanasarufi. Penye miti, wahenga walisema, hapana wajenzi.

Wapo watakaodai kwamba anga si uwanja wa Kiswahili. Hao na wakumbuke kwamba tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika pwani ya Kenya, ikapewa jina Uhuru. Jina la Kiswahili lilikwisha kupaa zaidi ya nusu karne iliyopita. Lililosalia ni wanafunzi wa Kiswahili kuketi na wenzao wa fizikia, wakubaliane juu ya istilahi za njia hizi, na kuzifikisha kwa wanahabari na walimu. Mwanafunzi anayesoma kwamba chombo "kimefika" anastahili kujua kimefikaje.