BWANA SHAMBA ANASEMA: Msitu wa Udzungwa Unatupa Maji



Mwaka 1992 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Ndani yake yapo maporomoko ya Sanje. Maji huanguka kiasi cha mita 170. Yupo pia kima wa Sanje. Wataalamu walimtambua mwaka 1979, lakini wenyeji walimjua zamani. Nje ya milima hiyo, haishi popote duniani.

Sisi wa bonde la Kilombero tunafaidi zaidi. Mito ya msitu huo inanywesha mpunga na miwa yetu.

Zamani akina mama waliruhusiwa kuokota kuni humo. Mwaka 2011 ruhusa ilikwisha. Najua ni taabu. Basi tupande miti ya kuni kwenye mipaka ya mashamba. Msitu ukiisha, mito itakauka. Tutapika nini?