NAULI NAYO NI DAWA

Mwaka uliopita ulikuwa wa saratani nyumbani kwetu. Mamangu alipatwa na ile ya titi. Alitundikiwa kemo mara nane, kila baada ya wiki tatu, akapasuliwa, kisha ikaja mionzi, ile ambayo watu huita kuchomwa. Sasa amemaliza. Nywele zimerudi, tena laini kama za mtoto.

Majirani walifanya harambee nasi twawashukuru. Lakini kila shilingi ilikwenda kwa bili. Hakuna aliyeuliza mama atafikaje huko! Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, na kwenye mashine ni dakika chache tu. Kutoka Kitui hadi Nairobi na kurudi kila siku, mwili ukiwa umechoka hivyo, nani ataweza? Ikabidi akodi chumba. Kadi ya bima haikulipa hayo. Mbuzi wetu wanne ndio waliolipa.

Mgonjwa akiacha matibabu katikati, utasikia ati amekimbilia kwa mganga. Mimi nasema wengine hukosa nauli tu. Ni kweli mashine hizi siku hizi zipo hata Mombasa, Nakuru na Garissa, si Kenyatta peke yake. Hata hivyo, kwetu bado ni mbali.

Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili, babake anaanza mionzi muhula ujao. Chama chetu kina sanduku la mchango. Napendekeza tumpe nauli, tena mkononi.