Kiwanja Cha Wote Kinahitaji Macho Ya Wote

Ndugu msomaji, watoto wako wanacheza wapi jioni hii? Usijibu haraka. Inuka kwanza, chungulia dirishani, kisha tuendelee na mazungumzo yetu.

Mwandishi wa safu hii anaishi Sinza, si mbali na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Tangu hapo mitaa ya jirani imepata sura ya pekee: mfanyakazi na familia yake nyumba kubwa, wanafunzi watatu chumba cha uani. Wote hao wana haja moja ambayo chumba cha kupanga hakiwezi kuitosheleza, nayo ni mahali pa kupunga upepo bila kulipa kiingilio.

Waliopima Sinza na Kijitonyama katika miaka ya 1970, chini ya mradi wa viwanja uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, walilijua hilo. Mbali na viwanja vya nyumba, walitenga maeneo ya huduma na maeneo ya wazi. Maeneo hayo hayakuachwa kwa kusahauliwa. Kivuli cha mwembe hupoza hewa, na udongo usiosakafiwa hunywa maji ya mvua ambayo vinginevyo yangekimbilia mabondeni. Aliyeyaona mafuriko ya Desemba 2011 jijini hapa hahitaji kufundishwa zaidi.

Sasa nikiri kosa langu. Mtaani kwetu palikuwa na kiwanja cha namna hiyo, chenye miarobaini mitatu. Asubuhi wanafunzi walisomea chini yake, jioni watoto walicheza mpira wa makaratasi. Siku moja nikaona nguzo nne zimesimikwa. Nikajiambia kwamba bila shaka mwenyewe ana kibali, tena nimechelewa kazini. Wiki iliyofuata ukaja waya, kisha matofali, kisha baa. Nilipokwenda kuuliza, mzee mmoja jirani aliniambia kwa upole kwamba swali langu lilikuwa la siku ya nguzo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, mimi nilijengewa. Leo mwanangu wa miaka saba anacheza kando ya barabara, baina ya bajaji na bodaboda, na kila nisikiapo breki moyo hunienda mbio.

Wapo waliouliza mapema. Mjini Nairobi, karibu na Chuo Kikuu, ipo Bustani ya Uhuru iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga humo jumba la ghorofa 60, makao ya chama kilichotawala wakati huo, KANU, na gazeti lake. Wangari Maathai, aliyepata kuwa mhadhiri wa chuo hicho, aliandika barua baada ya barua kwa ofisi za serikali na kwa wafadhili. Alikejeliwa hata bungeni, lakini hakunyamaza. Jumba hilo halikujengwa.

Nasi tufanye nini? Kwanza, tujue kilicho chetu. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kwa maofisa mipangomiji wa manispaa, uombe kuonyeshwa ramani ya mtaa wako. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, hudhuria mkutano wa mtaa, ulitaje eneo hilo, na uhakikishe limeandikwa katika muhtasari. Tatu, kiwanja kitumike. Kisichofagiliwa hugeuka jalala, na jalala halina mtetezi. Wanafunzi wapangaji nao wasiachwe nje kwa kudhaniwa ni wapita njia. Wana nguvu za kupanda miti, na kuandika barua wanajua.

Mtaani kwetu kimesalia kiwanja kimoja kidogo, kimejaa chupa na mifuko. Jumapili ijayo mimi na mwanangu tutakwenda huko na fagio, jembe na mche wa mwarobaini. Mche hautarudisha kile kilichokwisha kwenda, lakini utamwonyesha apitaye kwamba mahali hapa pana wenyewe.

Ndugu msomaji, umekwisha chungulia dirishani? Ikiwa ulichokiona ni nguzo, usingoje ukuta.