Hina ya pakiti na ngozi ya mtoto

Mhina ni mti wa joto na ukame. Mvua na baridi ya Rungwe si makazi yake. Ndiyo maana mama wa Kawetele hachumi majani, bali hununua unga uliosagwa mbali, asijue kilichochanganywa humo.

Tiba yenyewe ni kongwe. Bibi Salma, mtumishi wa Mtume (S.A.W.), amepokea katika Sunan Abi Daud kwamba aliyelalamikia maumivu ya miguu aliamriwa kuitia hina. Pwani hupakwa kwenye nyayo zilizopasuka na katikati ya vidole vyenye fangasi. Mchuma chai anayeshinda katika viatu vyenye maji aweza kunufaika nayo.

Mtoto mchanga, hapana! Lawsoni, rangi iliyomo ndani ya hina, hupenya ngozi. Kwa mtoto aliyerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si nadra Afrika Mashariki na huwapata zaidi wavulana, rangi hiyo huvunja chembe nyekundu za damu. Mkiona macho ya manjano, mkojo mweusi au mwili kupauka, msingoje hata saa moja. Mkimbizeni hospitali, mkamweleze daktari kuwa alipakwa hina.

Na ule unga unaotoa weusi upesi, tuuitao piko? Hina halisi huanza na rangi ya chungwa, ikakolea kwa siku moja au mbili. Weusi wa haraka aghalabu hutokana na PPD, kemikali ya kutia nywele rangi, nayo hubabua hata ngozi ya mtu mzima.