Kishikio cha spindeli na ugonjwa wa kuagiza

Upo ugonjwa uliozagaa katika ofisi zetu na shule zetu ambao hauna dawa hospitalini. Dalili yake ya kwanza ni kwamba mtu akiona kitu kimeharibika au hakipo, mkono wake huenda kwenye karatasi ya kuagizia kabla haujaenda kwenye tupa na msumeno. Leo tunakusudia kuujadili ugonjwa huo kwa kuangalia kitu kidogo kabisa, pande la alumini lisilofikia ukubwa wa tofali, liitwalo kishikio cha spindeli.

Wasomaji wetu wengi ni walimu na watumishi wa umma, si mafundi mitambo, kwa hiyo hatuna budi kueleza kwanza. Mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta ni meza yenye daraja linalokwenda mbele na nyuma. Juu ya daraja hilo kuna kigari kinachokwenda kushoto na kulia, na katika kigari hicho kuna sehemu inayopanda na kushuka. Hapo ndipo hufungwa spindeli, yaani mota ya kasi kubwa inayozungusha kisu. Mashine ya kwanza ya jamii hii ilionyeshwa Marekani, katika chuo cha MIT, mwaka 1952, na kwa miaka mingi ilikuwa mali ya viwanda vya ndege. Siku hizi kijana mwenye bidii anaweza kuijenga nyuma ya nyumba yao kwa mabomba ya chuma, mbao ngumu na mota ndogo, akifuata michoro inayotolewa bure.

Kishikio ni pete inayoikumbatia spindeli na kuifunga kwenye kigari. Spindeli ndogo huwa na kipenyo cha milimita 65. Zile za kilowati 2.2 huwa na milimita 80, na hufikia mizunguko 24,000 kwa dakika. Pete ikilegea, kisu hutetemeka na ubao huchanika. Ikibanwa kupita kiasi, gamba la spindeli hujipinda na beringi zake huungua. Thamani ya mashine nzima imeshikwa na pete hiyo.

Sasa tuchukue kijana wa Mbinga mjini aliyekwisha kujenga yote, akabakiwa na pete tu. Akienda kuomba ushauri kwa wakubwa wenye elimu ataambiwa neno moja: agiza. Basi pete itatoka China, itavuka bahari, itasubiri Dar es Salaam, kisha itapanda basi na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi kwenye milima ya Umatengo. Ikifunguliwa, huenda ikawa ya milimita 65 na spindeli ni ya 80. Bei ya pete si kubwa, hilo twalikubali. Lakini miezi ya kungoja ina bei yake, na siku pete hiyo ikivunjika kijana atakuwa pale pale alipokuwa mwanzo, kwa sababu hakujifunza kitu ila kuandika anwani yake.

Na pete yenyewe hutengenezwaje? Mafundi wetu wa masufuria wanayeyusha alumini chakavu kwa mkaa tangu zamani, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu za Selsiasi. Pistoni kuukuu za malori zafaa kuliko masufuria, kwa kuwa alumini yake imechanganywa ili iwe ngumu. Unasubu pande katika kalibu ya mchanga, unalisawazisha upande mmoja uwe uso wa kufungia, kisha unalifunga kwenye mashine ya kukereza na kulitoboa hadi kipenyo kinachotakiwa. Asiye na kipimo cha hali ya juu ana kipimo bora kuliko vyote, nacho ni spindeli yenyewe: fundi hukereza kidogo kidogo, akijaribu, hadi iingie kwa kusukumwa na kiganja bila kucheza. Mashimo ya bolti hutobolewa wakati pande lingali zima. Mwisho kabisa ndipo pete hupasuliwa kwa msumeno upande mmoja, ili bolti zikikazwa pete ijibane yenyewe. Anayepasua kwanza na kutoboa baadaye atapata yai badala ya duara.

Asiyekuwa na alumini atumie mninga. Kwa spindeli ndogo, mbao mbili za mninga zilizogundishwa pamoja, zikatobolewa na kupakwa mafuta ili zisivute unyevu wa ziwani, hufanya kazi ya heshima, mradi bolti zikaguliwe mara kwa mara. Najua wapo watakaocheka kusikia mbao ikishika mota ya mashine ya kompyuta. Wacheke, wakimaliza watuonyeshe mashine yao.

Kufunga nako kuna adabu yake. Spindeli lazima isimame wima kabisa juu ya meza. Fundi hufunga waya uliopindwa kwenye ncha ya spindeli, akauzungusha kwa mkono juu ya meza, akitazama kama unagusa sawasawa mbele, nyuma, kushoto na kulia. Pale unapoacha nafasi, pete hutiwa nyuma yake kipande chembamba cha bati, na kipande cha kopo la soda hutosha, kwa kuwa unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwalimu wa hisabati anayelalamika kwamba hana zana za kufundishia jiometri na aitazame kazi hiyo nusu saa tu.

Wapo wanaosema maneno haya ni ndoto, eti kusini hakuna umeme wa kuaminika. Hoja hiyo imechakaa. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea iliiunganisha Ruvuma na Gridi ya Taifa mwaka 2018. Wengine watasema hakuna njia. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, na fundi wa Liuli anayehitaji mashine ya kukereza hatembei tena siku mbili kuifuata. Kilichobaki ni kasumba.

Kasumba hiyo ina historia, na ufukwe wa Nyasa unaikumbuka. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ililetwa ziwani humo vipande vipande kutoka Ulaya miaka ya 1890. Agosti 13, 1914, Waingereza waliishambulia kwa meli yao Gwendolen pale Liuli, Wajerumani walipokuwa wakipaita Sphinxhafen, nayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Wenyeji walizitazama meli za mataifa mawili zikigombana, na hakuna bolti hata moja katika hizo waliyoruhusiwa kuielewa. Ukoloni ulitaka Mwafrika abebe kipande, asijue kinakokwenda. Ndiyo maana inastahili kutajwa kwamba meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, zilizoanza kazi mwaka 2017, na MV Mbeya II iliyofuata mwaka 2021, ziliundwa upande wa Kyela, kando ya ziwa lile lile, na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine. Taifa linaloweza kuunda meli lisiambiwe kwamba pete ya milimita 80 imelishinda.

Tusijidanganye pia. Tulikwisha kujaribu na tukateleza. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Bulgaria, tulijenga kule Hai kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, ambacho kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kutengenezea mashine. Kililala miaka mingi kabla ya Shirika la Maendeleo la Taifa kuanza kukifufua. Watu wengi husimulia habari hiyo kama ushahidi kwamba Mtanzania haviwezi viwanda. Sisi twaisoma vingine: kiwanda kilijengwa bila kuwapo mafundi elfu wa mitaani wenye haja ya bidhaa zake. Pete ya Mbinga ni haja ya namna hiyo.

Hatusemi kila kitu kitengenezwe hapa. Beringi za spindeli hatuziwezi leo, na anayedai kuzikereza kwa tupa ni mwongo. Spindeli inunuliwe. Lakini pete, kigari, daraja, meza na visanduku vya nyaya ni vyetu. Watu waliobuni ngoro, mashimo yanayozuia maji na udongo kwenye miteremko mikali ya Umatengo, hawakuagiza mchoro kutoka kokote. Na ng'ambo ya ziwa, katika wilaya ya Kasungu nchini Malawi, William Kamkwamba alijenga kinu cha upepo cha kufua umeme mwaka 2002 kwa feni ya trekta na vipande vya baiskeli, akiwa ametolewa shule kwa kukosa ada. Alichopata kwa wakubwa wake ni vitabu vya maktaba ya shule ya msingi. Je, maktaba zetu za Mbinga na Nyasa zina kitabu kimoja cha ufundi kilichochakaa kwa kusomwa?

Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali. Maneno tunayo ya kutosha. Kinachotutia hofu ni kwamba mkuu wa shule akipata fedha za karakana ataandika orodha ya mashine kamili kutoka nje, mashine zitafika katika masanduku, zitafunikwa kitambaa zisishike vumbi, na mwanafunzi ataonyeshwa siku ya mgeni rasmi.

Njia nyingine ipo ndani ya sheria iliyopo. Sheria ya Ununuzi wa Umma inatenga asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana. Maofisa maendeleo ya jamii wa Mbinga na Nyasa waende kwenye karakana za mitaani, wawasaidie vijana wanaosubu na kukereza kuunda vikundi na kuvisajili katika mfumo wa NeST. SIDO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa kazi hii hasa, na chuo cha VETA cha Songea wawafungulie mashine zao za kukereza hata Jumamosi. Kisha ofisa ununuzi atakayepelekewa maombi ya mashine ya kuchongea ya shule ayarudishe na swali moja kwa maandishi: ni sehemu zipi kati ya hizi zimeulizwa bei kwa fundi wa wilaya hii, naye alijibu nini?