Namba ya Kidoleni na Njaa ya Seli

Katika zahanati zetu za kanda ya Ziwa kimeingia kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, kinachowaka mwanga mwekundu na kutoa namba baada ya sekunde chache. Watumishi hukiita oksimeta. Wagonjwa wengi hukiita kile cha kidole. Ni kifaa chema. Kabla yake mhudumu alitegemea macho yake kuona midomo na ulimi vikigeuka rangi ya samawati, dalili ambayo kwa mtu mweusi huchelewa kutambulika, na kwa mtoto aliyepungukiwa damu huweza isijitokeze kabisa. Sina nia ya kukibeza. Ninachosema ni kwamba tumeanza kukitwisha kazi isiyokuwa yake, yaani kutuhakikishia kwamba mwili wa mgonjwa unapata oksijeni.

Kanuni yake ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile isiyobeba hufyonza mwanga kwa namna tofauti. Kifaa hupitisha mwanga wa aina mbili kidoleni, hufuata mapigo ya mshipa, na kukokotoa ni sehemu gani ya hemoglobini iliyopo imejaa oksijeni. Neno la kushika hapa ni "iliyopo". Kifaa hakiulizi hemoglobini hiyo ni kiasi gani. Ni sawa na mtu anayesimama mwaloni alfajiri, akaona kila mtumbwi unaotia nanga umejaa samaki, akarudi mjini kutangaza kwamba kitoweo kipo tele, bila kutaja kwamba mitumbwi iliyorudi ni miwili tu.

Tuchukue mtoto wa miaka miwili kutoka Kabasa, wilayani Bunda, aliyeugua malaria mfululizo msimu wa mvua. Amebebwa mgongoni hadi kituoni, anahema haraka, viganja vyake ni vyeupe. Oksimeta inasoma 98. Mtumishi aliyechoka, mwenye foleni mlangoni, ana kila kishawishi cha kutulia. Lakini hesabu ni nyepesi. Gramu moja ya hemoglobini iliyojaa hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye gramu 12 katika kila mililita 100 za damu hubeba karibu mililita 16. Huyu wetu, mwenye gramu 4, hubeba mililita 5 na kidogo. Kwenye kioo cha oksimeta wote wawili ni 98. Hata akiwekewa oksijeni ya mtungi, pengo hilo halitazibika, kwa sababu wabebaji hawapo. Anachohitaji ni damu, na anaihitaji mapema.

Je, inawezekana kuiuliza seli yenyewe? Swali hilo limewashughulisha wanasayansi kwa miongo kadhaa, na jibu limepatikana, kwa mara nyingine, katika mwanga. Mwaka 1987 Jane Vanderkooi, David Wilson na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza njia ya kupima oksijeni kwa kutumia molekuli zinazong'aa baada ya kumulikwa. Molekuli ya oksijeni inapozigusa, huuzima mng'ao huo. Hivyo pale oksijeni inapokuwa nyingi mng'ao hufifia upesi, na pale inapokuwa haba hudumu muda mrefu zaidi. Kinachopimwa ni muda wa kufifia.

Mwaka 2006 Egbert Mik na wenzake nchini Uholanzi walipiga hatua niionayo kuwa ya werevu mkubwa. Badala ya kuingiza molekuli ngeni, walitumia protopofirini, ambayo seli huitengeneza ndani ya mitokondria ikiwa njiani kuunda hemu, kiini cha hemoglobini. Kwa njia hiyo waliweza kusoma oksijeni palepale inapotumika, katika seli hai. Baadaye njia hiyo ilifikishwa kitandani kwa mgonjwa: ngozi ya kifua hubandikwa dawa inayoongeza protopofirini, kisha humulikwa.

Msomaji atauliza, na atakuwa na haki, mambo ya maabara za Uholanzi yanamhusu nini mgonjwa wa Kabasa. Jibu langu ni kwamba yanamhusu yeye kuliko Mholanzi. Magonjwa na ajali zinazoitenganisha namba ya kidole na hali ya seli zimejaa huku kwetu. Upungufu wa damu nimekwisha kuutaja. Selimundu ni nyingine: uchunguzi wa damu za watoto wachanga katika kanda ya Ziwa ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano ana kinasaba chake. Kwa mwenye ugonjwa wenyewe, chembe nyekundu zikishaachia oksijeni huweza kujikunja na kuziba mishipa midogo ya mfupa, na mgonjwa akalia kwa maumivu huku kidole chake kikisoma vizuri. Kuna pia jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi na mlango ukafungwa. Hewa yake yenye sumu, monoksidi ya kaboni, hukamata hemoglobini mahali pa oksijeni, na oksimeta ya kawaida haiwezi kutofautisha kimoja na kingine. Mtu yu katika hatari ya kufa na namba ni nzuri.

Mfano unaonigusa zaidi umo ndani ya mkoa wetu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilikumbwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kwa kudumu, na unaowapata hasa watoto na wanawake. Watafiti waliuhusisha na muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha kwa sababu ya njaa, pamoja na lishe duni ya protini. Muhogo huo huacha mwilini sianidi. Namna hasa inavyoharibu neva katika konzo bado inachunguzwa, ila kazi moja ya sianidi inajulikana vyema: huizuia mitokondria kuitumia oksijeni. Hapo damu imebeba, mishipa imefikisha, na seli haiwezi kula. Bibi zetu waliosisitiza udaga uvundikwe siku zote zinazostahili, na makopa yakauke sawasawa, hawakuhitaji kifaa cha mwanga kulijua hilo. Sisi tulio na vifaa tunaweza kulisahau.

Liko pia suala la ngozi. Mwaka 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo yanayopaswa kutukosesha raha. Miongoni mwa wagonjwa ambao oksimeta iliwapa namba kati ya 92 na 96, kipimo cha damu ya ateri kilionyesha upungufu mkubwa wa oksijeni kwa asilimia 11.7 ya weusi, na kwa asilimia 3.6 ya weupe. Kifaa kinaegemea wingi wa mwanga uliopenya, na rangi ya ngozi huuingilia mwanga huo. Njia inayopima muda wa kufifia haina udhaifu wa namna hiyo katika kanuni yake, kwani ngozi nyeusi hupunguza mwanga bila kubadilisha muda. Lakini kanuni si ushahidi. Lazima ijaribiwe kwa ngozi zetu, kwa watoto wenye gramu 4 za hemoglobini, kwa wenye selimundu, na katika mwinuko wetu pia: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la oksijeni katika hewa tunayovuta ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane.

Vyuo vyetu vya tiba vinao wanafizikia na wanakemia wa kushirikiana nao katika kazi hii, na wagonjwa wanaohusika hawako mbali. Nasikitika ninapoona tukisubiri kifaa kikamilike kwingine, kikaletwa na kitabu chake cha maelekezo, ndipo tuanze kugundua kwamba hakikuwahi kutuona.

Kwa sasa ninaomba jambo dogo. Katika daftari la zahanati, kando ya namba ya oksijeni, iandikwe hemoglobini. Na pasipo na kipimo cha hemoglobini, iandikwe rangi ya kiganja na idadi ya pumzi kwa dakika. Namba iliyo chini ya 90 ni dharura bila mjadala. Iliyo juu ya hapo kwa mtoto anayehema na mwenye viganja vyeupe isimzuie mtumishi kumwandikia rufaa. Na mama anayeambiwa kwamba oksijeni ya mwanawe ni nzuri ana haki ya kuuliza, "Na damu, Daktari, ipo kiasi gani?"