"Hasikii"

Katika Kiswahili, mtu akisema mtoto "hasikii," huenda ataka kusema ya kuwa masikio yake ni mabovu, au ya kuwa mtoto ni mkaidi. Maana hizi mbili zimewaponza watoto wengi. Mtoto asiyesikia vema huadhibiwa kwa ukaidi asio nao, na wenziwe husema, "Anajifanya tu, jana alipoitwa peke yake chini ya mwembe alisikia." Ni kweli, alisikia. Walakini kusikia sauti moja mahali pa kimya si sawa na kuitoa sauti moja katikati ya nyingi.

Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojiviringa mfano wa ganda la konokono, na humo mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno. Hizo huzipambanua sauti zilizo karibu karibu, kama chekeche itengavyo unga na wishwa. Zikiharibika, pengine kwa surua au kwa homa ya uti wa mgongo, hazioti tena. Tangu hapo chekeche ina matundu makubwa, na sauti mbili hupita pamoja.

Zinazopotea kwanza ni sauti dhaifu, kama s, f na sh. Mwalimu asema "shika" huku wengine wanong'ona, na mtoto apata "ika" tu. Je, ni fika, au shika, au pika? Mtu mzima hujaza pengo kwa maneno mengi ayajuayo. Mtoto hana akiba hiyo.

Hata masikio mazima yana mpaka wake. Mwaka 1953 mtaalamu Mwingereza, Colin Cherry, aliwasikilizisha watu habari mbili kwa wakati mmoja, zote kwa sauti ya mtu mmoja. Zilipochanganywa, walizitenga kwa taabu kubwa. Kila sikio lilipopewa habari yake, ikawa rahisi.

Wengine hudhani dawa ni kupiga kelele. Sivyo. Kelele hukuza a na o, ambazo mtoto alikwisha kuzisikia, wala hazimletei s. Tena sikio bovu mara nyingi huumizwa na sauti kubwa. Hata mashine ya kusikilizia, ambayo ni msaada mkubwa, hukuza pia mvua ipigayo juu ya mabati.

Basi desturi ya darasa zima kujibu kwa pamoja, ijapokuwa humpendeza mgeni apitaye nje, humnyang'anya mtoto huyu somo lake. Yafaa mmoja aseme kwanza na wengine wanyamaze, kisha ndipo waseme wote. Mtoto akae mbele, aone midomo ya msemaji. Wala mwalimu asiseme huku ameelekea ubao. Na jirani yake amwonyeshe kwa kidole mstari unaosomwa.